Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wazazi

Ndugu wanachama, akina mama na akina baba,

Nawashukuru mliofika. Tumechelewa kuanza kwa saa nzima na nusu kwa sababu akidi haikutimia hadi Katibu alipowapigia simu waliokuwa nyumbani. Hili nitalirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua: mabegi na madaftari ya Agosti, Kiswahili cha Jumamosi, sherehe ya wahitimu wa sekondari, kuwapokea wageni. Tuna familia 64 za wazungumzaji wa Kiswahili hapa Marekani. Zilizolipa ada kamili ya dola 60 ni 23, zilizolipa nusu ni 9, na 32 hazijalipa hata senti. Makusanyo dola 1,650, matumizi 1,915. Pengo la dola 265 nimeliziba kwa fedha yangu, na risiti anazo Mweka Hazina.

Sasa nije kwenye mkutano wa Machi, maana najua wengi mmekuja kwa ajili hiyo.

Siku hiyo ililetwa hoja kwamba chama kitoe tamko la kuwaunga mkono wagombea watatu wa bodi ya shule, yaani baraza linalochaguliwa kusimamia shule za wilaya. Niliikataa na nikaufunga mjadala. Tangu hapo nimeitwa dikteta, na wapo waliosema nimenunuliwa na upande wa pili. Nakubali kwamba sauti yangu ilipanda, na kwamba nilimkatiza mama yetu mmoja kabla hajamaliza. Nilikwenda kwake kumwomba radhi, akanisamehe. Uamuzi wenyewe siujutii.

Chama chetu kimesamehewa kodi chini ya kifungu cha 501(c)(3). Tangu mwaka 1954 sheria ya kodi ya Marekani inazikataza taasisi za namna hii kumpigia kampeni mgombea yeyote, wa bodi ya shule akiwemo. Tamko moja tu lingetosha kutupotezea msamaha huo ambao nilihangaika na makaratasi yake miezi kumi na moja. Mzazi mmoja mmoja ana uhuru wa kumuunga mkono amtakaye. Chama hakina.

La pili lilinikosesha usingizi zaidi. Wakati wa mabishano yale, fomu za kujiandikisha kupiga kura zilikuwa zikipita mezani bila mtu kuuliza nani ni raia na nani bado. Wengi wetu bado. Asiye raia akijaza fomu ile akajiita raia anaweza kufukuzwa nchini, hata kama alifanya kwa kutojua. Nilizikusanya zote. Kama huo ndio udikteta, basi niandikeni hivyo katika muhtasari.

Wenzetu walioleta hoja ile walidai kwamba shule za vitongoji zimeshuka kwa sababu ya siasa, na dawa ni siasa. Siasa imeingia kweli. Kaunti ya Loudoun kule Virginia ni miongoni mwa tajiri kabisa Marekani, lakini Juni 2021 mkutano wa bodi yake ya shule ulivunjika, na umati ukatawanywa na polisi. Lakini tazameni matokeo ya NAEP, mtihani wa sampuli wa taifa. Kati ya 2019 na 2022 hesabu za darasa la nane zilishuka pointi 8, za darasa la nne pointi 5. Mwaka 2024 kusoma kukashuka tena pointi 2 katika madarasa yote mawili. Majimbo yanayoongozwa na chama hiki cha siasa yalishuka, na yanayoongozwa na chama kile pia. Nilivisoma vipeperushi vya wagombea wale watatu, na vya wapinzani wao, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vilijaa mabishano ya vitabu vya kuondolewa na vya kurudishwa maktaba. Sikuona palipoandikwa mtoto wa darasa la tatu asiyeweza kusoma atasaidiwa na nani.

Na hapo ndipo penye uchungu wetu. Bunge la Marekani lilitoa takriban dola bilioni 190 kwa shule wakati wa korona, na mwisho wa wilaya za shule kuzipangia matumizi fedha za awamu ya mwisho ulikuwa Septemba 2024. Wasaidizi wa kusoma waliowasaidia watoto wetu walilipwa kwa fedha hizo. Zilipokwisha, wakaondoka. Kikao cha bodi cha kusikiliza maoni juu ya bajeti kilikuwa Aprili, na pale kila mzazi, raia au si raia, hupewa dakika tatu. Niliwatangazia mara nne. Machi tulijaa ukumbini hadi watu wakasimama. Aprili tulikwenda watu wanne! Mimi nilitoka zamu ya usiku moja kwa moja, nikasema dakika zangu tatu, nikakaa. Wasaidizi hawakurudishwa. Siwezi kuapa kwamba arobaini wangewarudisha, lakini wanne walionekana wanne.

Lipo tulilopata. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, kwamba shule haiwezi kumwacha mtoto asiyejua Kiingereza akae tu darasani bila msaada. Kwa kuegemea uamuzi huo na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, niliandika barua kwa wilaya, na tangu Oktoba kuna mkalimani wa Kiswahili katika vikao vya wazazi na walimu. Mtumieni. Mara mbili amekuja akakuta viti vitupu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuanzisha masomo ya ziada ya kusoma, kutafuta ukumbi wa bei nafuu, na kwenda kwa wingi kwenye kikao cha bajeti. Tarehe tutatangaza. Mweka Hazina yupo mlangoni na kitabu cha risiti, na atabaki hapo hadi mtu wa mwisho atoke.

Naomba kuwasilisha.