Hakuna unga wa "printa zote"

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaouza unga wa printa, na wanaojaza katriji (kasha la unga ndani ya printa) wenyewe majumbani hapa Dodoma na wilaya za jirani.

Nina steshenari Nkuhungu. Wateja wangu ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) msimu wa ripoti, na walimu wanaochapa mitihani. Simlaumu hata kidogo mtu anayejaza katriji yake mwenyewe. Katriji halisi inaweza kukugharimu karibu sawa na printa ya mtumba, na ile ya HP namba 12A imekusudiwa kutoa kurasa 2,000 hivi, tena zenye maandishi machache. Unga ukiisha dramu yake, ile silinda inayopeleka unga kwenye karatasi, mara nyingi bado ni nzima. Kuitupa ni hasara, na mwalimu aliyeko Mpwayungu hawezi kupanda gari hadi mjini kila unga unapokata.

Kinachoniuma ni chupa zinazouzwa zikiwa na maandishi kwamba unga uliomo unafaa printa zote. Unga wa namna hiyo haupo. Unga wa printa ya leza ni chembe za plastiki zilizochanganywa na kaboni nyeusi na nta, chembe za mikromita 5 hadi 10 tu. Printa inazishikisha kwenye karatasi kwa umeme, kisha inaziyeyusha kwa joto linalokaribia nyuzi 200. Kila mtengenezaji anachanganya unga wake kulingana na joto na umeme wa mashine yake. Katriji ya 12A, inayoingia kwenye HP LaserJet 1020 ambazo zimejaa mtaani, ina rola yenye sumaku ndani, na unga wake una chembe za chuma ili uvutwe na sumaku hiyo. Printa ndogo za Brother hazitumii sumaku, na unga wake hauna chuma. Ukiutia wa Brother kwenye 12A, ile sumaku haina cha kushika.

Mwalimu mmoja kutoka wilaya ya Bahi aliniletea printa ya shule ndani ya kiroba, wiki ya kuandaa mtihani wa moko. Karatasi ilikuwa inatoka na herufi nyeusi nzuri kabisa, lakini ukipitisha kidole gumba swali zima linafutika na kidole kinabaki cheusi. Unga haukuwa umeyeyuka. Nilipofungua nyuma, rola ya joto ilikuwa imevikwa ganda jeusi, na ndani kote kumetapakaa vumbi. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba unga ni ule ule. Shule ikalipa unga, ikalipa rola, na mitihani ikachapwa kwangu kwa hela nyingine. Shule zetu hazina fedha za kuchezea namna hiyo.

Kwa aliyeko mbali na fundi, kuna kipimo kimoja rahisi. Weka unga kidogo sana juu ya karatasi, kisha pitisha chini yake sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu. Unga wa 12A utasimama kama manyoya na kuifuata sumaku. Ukilala tu, usiutie humo. Kipimo hiki hakikuambii habari ya joto, lakini kinakuepusha na kosa kubwa kuliko yote.

Jambo la pili ambalo wengi wanaliruka ni unga mchafu. Ndani ya katriji kuna bledi inayokwangua dramu na kusukuma mabaki kwenye chumba chake. Watu wanajaza upande mmoja na kusahau kumwaga upande wa pili, mwisho chumba kinafurika na karatasi inatoka na michirizi. Mwaga kwanza huo mchafu, na usiurudishe kutumika hata ukiuona mweusi vilevile, kwa sababu umechanganyika na vumbi la karatasi. Dramu ifunike kwa kitambaa cheusi muda wote unaofanya kazi, mwanga unaiharibu. Katriji nyingi za siku hizi zina chipu inayohesabu kurasa, hivyo unaweza kujaza vizuri kabisa na printa ikasema bado ni tupu mpaka chipu ibadilishwe.

Na upepo wetu wa kuanzia Juni mnaufahamu. Usijazie uani. Fanyia ndani, asubuhi kabla haujachachamaa, juu ya magazeti, ukiwa na barakoa, na watoto wakae mbali. Unga ukimwagika, futa kwa kitambaa kilicholowa maji ya baridi. Ya moto yataugandisha. Usiuvute kwa mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, kwa kuwa chembe zake zinapenya kwenye chujio na kurudi hewani mnakovuta pumzi. Wala usiuchome kwenye shimo la taka pamoja na katriji. Ni plastiki, na ukirushwa motoni unaweza kulipuka ghafla usoni mwako.

Ombi langu kwa Shirika la Viwango Tanzania na Tume ya Ushindani ni moja. Kila chupa ya unga inayouzwa nchini iandikwe namba za katriji inazofaa, kama unga una chuma au hauna, na jina la aliyeuingiza, ili mteja akipata hasara ajue pa kwenda. Wauzaji wenzangu hatuna haja ya kusubiri agizo. Tunaweza kuanza kwa kumuuliza mteja namba ya katriji kabla ya kupokea hela yake, na kama unga wake hatuna, tumwambie hatuna.

Mwenye steshenari,
Nkuhungu, Dodoma