Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mbeya: tuiteni tuchangishe pamoja, tuajiri fundi mmoja

Ndugu Katibu Tawala,

Pokea salamu kutoka Tukuyu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Jioni na siku za mapumziko, mimi na wenzangu watatu tunaandaa maelezo ya sayansi kwa Kiswahili kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza, wale waliomaliza darasa la saba wakifundishwa kwa Kiswahili, kisha Januari wanakabidhiwa kitabu cha Kiingereza. Tunachoandika tunakitoa huria: yeyote anakili, abadilishe, achapishe, mradi ataje kilikotoka. Hatuuzi kitu.

Nakuandikia kwa sababu ya kisanduku kimoja.

Ni seva ndogo, inatosha kiganjani. Ndani yake tumeweka masomo yetu, mazoezi, na Wikipedia ya Kiswahili iliyopakuliwa kwa programu ya Kiwix, ili mwanafunzi aunganishe simu au kompyuta ya shule kwa waifai na kusoma bila bando. Usiku mmoja wa Machi mwaka jana umeme ulikatika ukarudi mara tatu. Asubuhi nilikuta taa nyekundu inawaka, ya kijani kimya. Memori kadi ilikuwa imeharibika. Kuipakia upya ni kazi ya saa mbili kwa anayejua, ila sisi hatukujua. Fundi tuliyempata kwa simu alikuwa Dar es Salaam, akataka nauli, malazi na posho, jumla ikazidi bei ya kisanduku chenyewe. Kikakaa kwenye kabati la mkuu wa shule, juu ya maboksi ya chaki, kuanzia Machi hadi Julai. Kila wiki kuna mtoto aliniuliza, "Mwalimu, bado hakijapona?"

Kilipona Julai. Kijana mmoja mhitimu wa kompyuta, aliyekuja kusalimia ndugu zake, alikirekebisha wakati wa chakula cha mchana kwa nauli na soda. Akiwa anafunga nyaya aliniambia jambo ambalo sijalisahau: mwezi ule ule alikuwa ametengeneza ubovu wa aina hiyo hiyo kwenye mradi mmoja wa Mwanjelwa unaotunza maktaba ya kidijitali, na mwingine Kyela unaorekodi masomo ya sauti. Ugonjwa ule ule, kadi ile ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mwenzake yupo.

Kijana huyo sasa anauza simu Dodoma. Simlaumu. Elfu ishirini leo na elfu kumi na tano baada ya miezi miwili haziwezi kulipa kodi ya chumba. Lakini alipoondoka, miradi mitatu ilipoteza fundi kwa siku moja, na kila mmoja ukaanza kutafuta wa kwake upya.

Niliwatafuta wale wenzetu. Tulipokaa pamoja tukagundua kwamba tumeandika maandiko ya kuomba fedha kwa mfadhili yule yule, msimu ule ule, sote tukakataliwa. Jibu tulilopewa lilikuwa la adabu: kiasi mlichoomba ni kidogo mno, kukisimamia kutagharimu kuliko msaada wenyewe, tena hamna hesabu zilizokaguliwa. Yote mawili ni kweli. Mradi wa watu wanne hauwezi kumlipa mkaguzi kila mwaka. Na hata tunapopata, tunapata laptopu. Laptopu hupigwa picha siku ya kukabidhiwa. Mshahara wa mtu wa kuzitunza hauna picha, na ndiyo maana shule zetu zina kompyuta zilizofunikwa vitambaa vya kudarizi.

Hapa Rungwe tunalijua jibu, ndugu yangu, kwa sababu tunafuga. Mama mwenye ng'ombe mmoja hanunui tenki la kupozea maziwa. Anabeba ndoo yake alfajiri hadi kituo cha kukusanyia, yanapimwa, yanaandikwa kwenye daftari kwa jina lake, yanamiminwa pamoja na ya wengine. Ng'ombe anabaki wake. Tenki ni la wote, na mtu wa kuliwasha na kuliosha analipwa na wote. Bila tenki, maziwa ya kila mmoja yanachacha nyumbani kwake.

Kwenye programu huria jambo hili lina umri mrefu. Mwaka 1997 nchini Marekani iliundwa taasisi ya Software in the Public Interest, ikianza na mradi wa Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ili miradi ipokee michango kupitia taasisi moja iliyosajiliwa. Mwaka 2006 ikafuata Software Freedom Conservancy, inayobeba uhasibu na mambo ya kisheria ya miradi mingi kwa pamoja. Mwaka 2012 taasisi mbili zilizokuwa zinatunza programu za vyuo, Sakai na Jasig, ziliungana kuwa Apereo. Na Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha pendekezo kuhusu nyenzo huria za elimu, ambalo eneo moja kati ya matano linazitaka nchi zijenge njia za kuziendeleza nyenzo hizo. Kuendeleza, kwa lugha yetu ya Tukuyu, ni kuwa na mtu wa kumpigia simu kadi inapokufa.

Kuna hofu, na nitaisema. Wadogo wanaogopa kumezwa. Mwenye mradi mkubwa atamfanya fundi kuwa wake peke yake, sisi tusubiri foleni. Hofu hii imeshavunja vikao viwili vyetu, na hailetwi na roho mbaya, inaletwa na watu kudhulumiwa huko nyuma. Ndiyo maana tunahitaji daftari la zamu lililo wazi, siku za fundi zigawanywe kabla hajaajiriwa, kila mradi ubaki na jina lake na kazi yake, na kila mmoja uchangie sehemu ya kumi ya kila unachopata, kiwe kikubwa au kidogo. Tunahitaji pia mtu asiye mshindani wetu akae mezani tunapoandika hayo.

Mtu huyo ni wewe. Miradi inayoingia shuleni hupita serikalini kuomba kibali, kwa hiyo majina yetu yamo kwenye mafaili tayari, hata kama sisi wenyewe hatujuani. Tunaomba utuite siku moja, sote, Mbeya mjini. Tunaomba chumba kimoja chenye umeme na kufuli ambacho fundi atafanyia kazi na kuhifadhi nakala za masomo yetu. Na tunaomba barua yako ya kututambua kama kundi moja lenye andiko moja, ili mfadhili aone mtu mmoja wa kuzungumza naye na hesabu moja ya kukagua. Fedha za serikali hatuombi.

Ukikubali, fundi huyo anaweza kuwapokea wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) wanaotafuta pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, wakajifunza kwenye mashine halisi. Anaweza pia kutusaidia kutii Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, maana baadhi yetu tuna majina na alama za watoto kwenye laptopu zisizo na hata nywila. Hilo linaninyima usingizi kuliko kisanduku.

Nina orodha ya miradi sita iliyokubali kuja, na rasimu ya makubaliano ya kurasa mbili, imeandikwa kwa mkono. Tunaweza kufika Jumamosi yoyote utakayotupangia. Basi la kwanza kutoka huku linatufikisha mapema, tutasubiri nje.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa fizikia, Tukuyu