Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza na Habari za Trela ya "Zamu ya Maji"

Moshi, Juni

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE MUHULA WA KWANZA NA KAZI YA KIDATO CHA TATU

Salaam. Tumefunga muhula salama, masika yamepita na barabara ya kuja shuleni inapitika tena. Ripoti ya mwanao ilitoka Ijumaa na kila mwanafunzi alikabidhiwa mkononi. Kama hujaiona mpaka unaposoma barua hii, iulizie leo, maana ndani yake kuna alama, maoni ya mwalimu wa darasa na tarehe ya kufungua shule. Kiswahili na Jiografia wamefanya vizuri. Hisabati bado inatuumiza vichwa, na tutaizungumza kwenye kikao.

Nafasi kubwa ya barua hii naitoa kwa jambo ambalo wengi mmeniuliza getini, sokoni Mbuyuni na hata baada ya ibada: hiyo filamu ya watoto inatoka lini? Haitoki, ndugu zangu, kwa sababu haipo. Kilichopo ni trela ya chini ya dakika mbili, bango lake, tangazo la redio la sekunde 30 na maneno ya gari la matangazo. Kidato cha Tatu walipewa kazi ya kuitangaza filamu ambayo haijapigwa, kisha wakae chini waipime kazi yao wenyewe kwa ushahidi wa watu walioitazama.

Mzazi mmoja aliniambia huo ni mchezo wa kupoteza muda. Namheshimu, ila sikubaliani naye. Huwezi kuchagua picha chache za kumwonyesha mtu kabla hujaijua hadithi nzima, kwa hiyo watoto waliandika hadithi yote kwanza, mwanzo mpaka mwisho, kwenye madaftari ya Kiswahili. Wapo walioandika kurasa nyingi kuliko walizowahi kuandika kwa insha yoyote niliyowapa mimi, na sarufi yao iliposahihishwa hawakununa.

Hadithi yenyewe ni ya kwetu. Binti anarudi Kibosho kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya Krismasi, anakuta baba yake na baba yake mdogo hawasalimiani. Wanagombea zamu ya maji ya mfereji. Mifereji hii ya mlimani, mifongo, wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliofika hapa karne ya 19 waliikuta tayari inanywesha migomba, na mpaka leo iko inayofanya kazi kwa zamu za ukoo na kijiji. Katika maandishi ya kwanza ya watoto, mtu alikuja usiku kufungua koki na kuiba maji. Walipokwenda kuwasomea wazee, walichekwa. Mfongo hauna koki. Maji hugeuzwa kwa mawe, udongo na vigogo vya mgomba, na ya usiku huachwa yajae kwenye nduwa, yaani bwawa dogo la kuhifadhia maji, ili yafunguliwe asubuhi. Basi mwizi wao akaacha koki akaenda kubomoa ukingo wa nduwa, na hadithi ikawa kali zaidi kuliko ilivyokuwa vichwani mwao.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa simu zimenipigia sana. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni na hilo halijalegezwa hata kidogo. Picha zimechukuliwa kwa simu za walimu wawili, zikiwa juu ya tripodi ya mabaki ya mbao, na kuhaririwa kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma baada ya vipindi. Mwanao akikuambia anahitaji simu janja "kwa ajili ya filamu ya shule", mwambie Mkuu wa Shule anakusalimu. Hakuna mzazi aliyechangishwa hata shilingi. Na ile kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, anayoshika mwigizaji wetu ilikuwa na uji wa ulezi, nimeuonja mwenyewe.

Sasa niwaeleze kilichonifurahisha.

Trela ya kwanza ilipokamilika, waliotengeneza waliipigia makofi. Mwalimu wao wa Kiswahili akawaambia makofi ya mwenye kazi hayahesabiwi. Wakaionyesha kwa Kidato cha Kwanza, ambao hawakujua lolote, na kila mmoja akapewa dodoso fupi: filamu hii inahusu nini, inatokea wapi, ungependa kuiona, na ni nini hukukielewa. Majibu yakawanyamazisha. Wengi waliandika kwamba ni filamu ya uchawi.

Waliporudi kutazama, wakaona kwa nini. Picha za mfereji zilikuwa za usiku, ngoma ilipigwa polepole, na mtu alipita na panga begani. Kwenye bango wakaongeza maandishi mekundu yanayochuruzika, kama walivyozoea kuona kwenye kava za filamu. Panga lile lilikuwa la kufyekea majani siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha mfereji, na wao walilijua hilo kwa sababu walikuwepo. Mtazamaji hakuwepo. Kijana mmoja alitetea kwamba uchawi unauza, watu wakidhani ni wa kutisha watakuja wengi zaidi. Yule aliyekuwa akihariri, binti mkimya ambaye mwaka jana sikumjua sauti, akamjibu kwamba watakuja mara moja, watoke wakisema wamedanganywa, na wiki ya pili ukumbi utakuwa mtupu. Sikuongeza neno.

Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi kulitambua. Trela iliishia kwa mzee mmoja kumkabidhi mwenzake jani la isale. Ninyi mliokulia huku mnajua maana yake: msamaha umeombwa, na si rahisi kuukataa. Kwa hiyo watoto wa hapa wakaandika kwenye dodoso kwamba filamu wameshaiona yote, hawana haja ya kwenda. Na watoto ambao wazazi wao wametoka Mwanza au Singida wakaandika kwamba hawakuelewa yale majani ni ya nini. Picha moja ilimaliza utamu kwa nusu ya darasa na kwa nusu nyingine haikusema kitu.

Walibishana juu ya hilo jani karibu wiki nzima. Wengine walitaka liondolewe, wengine walitaka maandishi chini yaeleze maana yake. Mwishowe wakalihamisha. Sasa isale inaonekana mwanzoni, imepandwa mpakani mwa vihamba viwili, yaani mashamba ya migomba ya familia, upepo unaitikisa, ndugu wawili wanapita kila mmoja upande wake bila kutazamana. Anayeijua atahisi jambo linakuja. Asiyeijua ataona mpaka na watu wasiosalimiana, na hilo linamtosha. Nimetazama matangazo mengi ya watu wazima yenye fedha nyuma yake ambayo hayakufikiriwa kiasi hicho.

Sauti iliwatesa. Maji ya mfereji ni mazuri kuyatazama, lakini ukiyarekodi kwa simu hula maneno yote ya waigizaji. Walijaribu kupiga kelele, ikawa ni ugomvi hata pale palipotakiwa kuwa na upole. Suluhisho likawa kurekodi mazungumzo upya darasani, madirisha yamefunikwa mablanketi, kisha kuyaweka juu ya picha na kuyarudisha maji chini kwa sauti ndogo. Mwanga nao una masharti yake: kabla ya saa mbili asubuhi mlima uko wazi, baadaye mawingu yanaufunika, na Aprili kuna siku haukuonekana kabisa.

Mlima huo uliwagawa kuhusu bango. Kundi moja lilisema bila Kilimanjaro hakuna atakayegeuka kulitazama. Jingine likasema mlima umeshachorwa kwenye chupa za maji, mabasi, fulana na mabango ya watalii, na hadithi yao ni ya mfereji ambao mtalii hauoni. Walichapa rasimu mbili za rangi kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi, wakazibandika pande mbili za ubao wa matangazo, wakasimama pembeni kuona watu wanasimama wapi. Bango la mlima lilisimamisha watu wengi. Lakini walipoulizwa baadaye filamu inahusu nini, waliotazama la mlima walijibu kupanda mlima, na waliotazama la mfereji walijibu ugomvi wa maji. Wamechagua la mfereji. Kwa maoni yangu bado lina maneno mengi mno, na nimewaambia.

Nilichokuwa sikitarajii ni utamu wa maneno ya gari la matangazo. Sote tunalijua gari lile lenye spika juu, linapita Majengo na Pasua likitangaza mkutano au ofa ya magodoro. Watoto waligundua kwamba mtu aliye dukani analisikia kwa muda mfupi tu kabla halijakata kona, na huwezi kujua amelidaka mwanzo au katikati. Kwa hiyo kila sentensi ni lazima ijitegemee, na jina la filamu lirudi tena na tena bila kuchosha. Tangazo la redio ni kinyume chake: msikilizaji ametulia, unaweza kumsimulia. Walipoandika yote mawili kwa maneno yaleyale, la gari halikueleweka na la redio likawa kelele. Wakaandika upya. Somo la uandishi wa matangazo nimelifundisha miaka mingi ubaoni, na sijawahi kuona darasa likilishika namna hii.

Muziki nao ulikuwa na kisa. Rasimu ya kwanza ilikuwa na wimbo wa Bongo Fleva unaopigwa kila daladala. Mwalimu wa Uraia akauliza wimbo ni wa nani na ruhusa iko wapi, akawasomea habari za Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Wimbo ukatolewa siku hiyohiyo. Vijana wa Kidato cha Pili wakatengeneza wao kwa ngoma ya shule, filimbi na jerikeni tupu. Si kazi ya studio, lakini ni yao, na kwa jinsi ninavyosikia inafaa mfereji kuliko ule wa daladala.

Mwisho wa yote kila mwanafunzi aliandika tathmini. Rasimu za kwanza zilisikitisha. Karibu zote zilisema trela yetu ni nzuri sana kwa sababu tulijitahidi na tulishirikiana. Mwalimu alizirudisha zote bila alama. Kujitahidi kunaeleza habari za mfanyakazi, hakuelezi chochote juu ya kazi. Aliwataka waseme walikusudia mtazamaji aelewe nini, ameelewa nini, wanajuaje, na wamebadilisha nini kwa sababu hiyo. Rasimu ya pili ikawa kazi nyingine kabisa. Yule kijana wa uchawi ndiye aliyeandika tathmini bora kuliko zote, na ameeleza kwa uaminifu kwa nini wazo lake lilikataliwa, ingawa bado anaamini alikuwa sahihi nusu. Mzazi wake ataikuta ndani ya bahasha ya ripoti. Naomba aisome yote.

Jambo moja sitaliacha lipite kimya. Wavulana walikimbilia mbele ya kamera na kuwaachia wasichana kuhariri, kuandika na kupika chai siku za kurekodi. Kuhariri ndiko kulikowakomaza wasichana, basi wamepata zaidi. Chai, hata hivyo, muhula ujao itapikwa kwa zamu.

Trela haijawekwa mtandaoni na haitawekwa bila ridhaa yenu. Sura za watoto ni taarifa zao binafsi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika hatutaki kubahatisha. Pamoja na ripoti kuna fomu ya ridhaa. Ukikubali, weka sahihi. Ukikataa, andika hapana, na mwanao hataulizwa sababu wala kuonekana kwenye picha itakayotoka nje ya shule. Tafadhali wakumbusheni pia ndugu walioirekodi kwa simu zao siku ya majaribio kwamba wasiisambaze kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mambo mengine kwa haraka. Kidato cha Pili wana upimaji wa kitaifa na Kidato cha Nne wana mtihani wa Taifa, vyote Novemba, kwa hiyo likizo hii si ya kulala. Mahindi na maharage ya chakula cha mchana yapokelewe stoo wiki ya kwanza ya kufungua, na stakabadhi idaiwe. Julai ni baridi. Sweta iwe ya shule, si jaketi la rangi yoyote lililopatikana mtumbani.

Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua, saa nne asubuhi, tutawaonyesha trela ukumbini, na mabango yote mawili yatakuwa ukutani. Mtapewa dodoso lilelile walilopewa Kidato cha Kwanza, na watoto wameomba msiandike jina, ili msiwaonee haya. Mje na kalamu. Wenye wazee wanaojua mambo ya mifongo waje nao, kwa kuwa kuna ubishi ambao haujaisha kuhusu Kichagga kinachosemwa na bibi kwenye trela: watu wa Machame wanasema si chao, watu wa Vunjo wanasema si chao, na waigizaji wanasema ni cha Kibosho.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule