Kichwa cha Budha si pambo la baa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie mtindo unaoshamiri katika baadhi ya hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, wa kupamba kaunta za baa na kando za mabwawa ya kuogelea kwa vichwa vya Budha. Sidhani kuwa wenye hoteli wanakusudia ubaya. Wengi hukiona kichwa hicho kuwa pambo tu, kama fanusi.

Budha, mwanzilishi wa dini ya Wabudha, jina lake Siddhartha Gautama, alizaliwa Lumbini, katika nchi ambayo leo ni Nepal, yapata karne ya 5 kabla ya Kristo, katika ukoo uliotawala Washakya. Mapokeo yanasema aliiacha nyumba yake, mke na mwana mchanga, akajitesa kwa njaa miaka kadhaa, kisha akayakataa mateso hayo kama alivyoikataa anasa, na hatimaye akapata mwamko alioutafuta, chini ya mti huko Bodh Gaya, India. Hotuba yake ya kwanza aliitoa Sarnath, karibu na Varanasi, akifundisha kwamba dhiki ya binadamu chanzo chake ni tamaa, na kwamba iko njia ya kuikomesha yenye mambo manane, mojawapo likiwa riziki ya halali.

Hilo la riziki linatuhusu sana sisi watu wa biashara. Mfuasi wake wa kawaida hujizuia na kuua, kuiba, uzinzi, uongo na vileo. Zaidi ya hayo, haimpasi kuuza silaha, binadamu, nyama, vileo wala sumu. Anayeijua Mkunazini hapa Unguja, na soko lake la watumwa lililofungwa mwaka 1873, hahitaji kuelezwa uzito wa katazo la kuuza binadamu. Na mtu aliyefundisha hayo ndiye tunayemsimamisha kati ya chupa za pombe!

Isitoshe, kwa karne kadhaa Wabudha wa mwanzo hawakuwa na desturi ya kumchonga kwa umbo la mtu, bali walimwashiria kwa nyayo, gurudumu, mti au kiti kitupu. Sanamu zilienea baadaye, kuanzia yapata karne ya 1 baada ya Kristo, na leo waumini huzitukuza. Huko Myanmar, mwaka 2015, meneja wa baa na wenzake wawili walifungwa kwa kuitangaza baa yao kwa picha ya Budha aliyevaa vipokea sauti masikioni. Adhabu ya miaka miwili na nusu naiona kali mno, lakini uchungu wa waumini naufahamu, kwani nasi hatungevumilia msahafu kufanywa kitako cha glasi.

Tunapokea wageni kutoka Thailand, Sri Lanka na Japani. Naiomba Kamisheni ya Utalii iwakumbushe wenye hoteli kwamba anayetaka sanamu hiyo aiweke mahali pa juu penye utulivu, mbali na vileo na miguu ya watu. Na anayetaka pambo tu, mafundi wa nakshi wapo hapahapa Unguja.

Mwalimu mstaafu,
Michenzani, Unguja