Barua ya wazi kwa vijana mliokwenda wodini na simu

Wanangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Niliwaona tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani. Fulana mpya za rangi moja, katoni za sabuni, na simu juu kama mko harusini. Mama mmoja alivuta kanga afiche uso, mmoja wenu akamwambia, "Bibi, tabasamu kidogo." Jioni picha yake ilikuwa kwenye magrupu yote, hata mfuko wa mkojo unaonekana. Nikanyamaza wiki nzima ili hasira ipoe. Haikupoa. Ifuteni leo, na wawili wenu waende kumwomba radhi.

Kifuani mliandika "Mt. Kamili wa Lellis, utuombee". Mnamjua lakini?

Alizaliwa mwaka 1550 Bucchianico, katika Ufalme wa Napoli, Italia ya leo. Akawa askari kama baba yake: mrefu kupita wenzake, mgomvi, na kamari ilimtawala. Mwaka 1574 huko Napoli alicheza mpaka shati likaenda. Akaishia kuwa kibarua kwenye ujenzi wa Wakapuchini, watawa wa familia ya Mt. Fransisko, huko Manfredonia, na tarehe 2 Februari 1575, akiwa njiani na punda, toba ikamshika, akalia hapo hapo barabarani. (Wazazi wenye vijana wa kubeti, msikate tamaa.) Wakapuchini walimpokea, wakamrudisha kwa sababu ya kidonda cha mguu kisichopona.

Kidonda hicho kilimrudisha San Giacomo, hospitali ya Roma iliyokuwa imemfukuza zamani kwa sababu ya kamari na ugomvi. Huko aliona wahudumu wa kulipwa wakifanya kazi bila huruma, wagonjwa wakilala katika uchafu wao. Hakuandaa hafla. Alishika beseni. Aliosha, alitandika, alilisha kijiko kwa kijiko asiyeweza kuinua mkono. Inasimuliwa kwamba aliwaambia wenzake waongeze moyo katika mikono yao. Alipiga magoti mbele ya mgonjwa kana kwamba yuko mbele ya Kristo mwenyewe, na hapo ndipo ninapowabana ninyi. Ungekuwa mbele ya Ekaristi, ungegeuza mgongo ili ujipige picha? Mkesha wa Krismasi mwaka 1598 mto Tiber ulipofurika, alibeba wagonjwa wa hospitali ya Santo Spirito kuwapandisha ghorofani, na mguu wake ule ule mbovu. Mgonjwa akikata roho, aliwataka ndugu wa shirika alilolianzisha waendelee kusali bila haraka ya kumfunika uso, kwa kuwa wapo waliozikwa wangali hai.

Mengine yasomeni wenyewe: upadre 1584, msalaba mwekundu kifuani tangu 1586, kabla ya Msalaba Mwekundu mnaoujua, shirika lake likapandishwa daraja kuwa utawa kamili mwaka 1591, na nadhiri ya nne ya kuhudumia wagonjwa hata kwa hatari ya uhai. Alifariki 14 Julai 1614. Papa Leo XIII alimfanya msimamizi wa wagonjwa mwaka 1886, pamoja na Yohane wa Mungu, mtakatifu mwingine aliyewahudumia wagonjwa. Wanae wa kiroho hawako mbali, wako hata Karungu, Migori, Kenya, kando ya Ziwa Viktoria.

Sitawabebesha ninyi peke yenu. Sisi wazazi tuliwafundisha. Mwanajumuiya akilazwa na anahitaji mtu wa kukesha naye, kila mmoja ana udhuru. Akifa, turubai halitutoshi, wali unapikwa kwa masufuria, na anayesoma risala anasema marehemu alipendwa na watu. Nesi mmoja anabaki na wodi nzima usiku, kisha tunamwita mkali. Nimefanya kazi hiyo hadi nikastaafu. Ukali mwingine ni miguu inayouma na tumbo tupu.

Mna moyo mzuri, wanangu, najua. Fedha ya sabuni mliichanga kutoka mifukoni mitupu. Mkitaka kwenda tena, nendeni wawili wawili, kimya. Mwoneni kwanza nesi wa zamu mumwulize nani hana ndugu. Kata kucha zako kabla ya kukata za mwenzio. Usimhubirie mtu mwenye maumivu. Muulize kama anataka maji. Fulana za kawaida zinatosha, viatu visivyoteleza, na simu mziache kwa katekista. Mabeseni ninayo, njooni myachukue Jumamosi baada ya misa ya asubuhi.

Bibi yenu wa jumuiya,
muuguzi mstaafu