Mguu uliokatwa hauoti tena

Mhariri,

Kaka yangu alikatwa mguu wa kulia juu ya goti baada ya ajali ya bodaboda. Mwezi uliopita aliambiwa aende tena akapimwe na jopo la madaktari katika hospitali moja ya kaunti, ili cheti chake cha kusamehewa kodi kifanywe upya. Akapimwe nini? Kama mguu umeota?

Jopo lenyewe hukutana siku moja tu kwa wiki. Tulitoka nyumbani saa kumi alfajiri, tukabadilisha matatu mara mbili, na kufika tukakuta foleni. Chumba kiko orofa ya pili, lifti imekufa. Kaka alipanda ngazi kwa magongo. Saa nane tukaambiwa daktari wa mifupa ameitwa kwenye upasuaji, turudi wiki ijayo. Mama mmoja, mtoto wake mwenye mtindio wa ubongo akiwa mgongoni, alilia tu. Nauli aliyojia ilikuwa ya kukopa.

Sipingi ukaguzi. Kusamehewa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi si jambo dogo, na walaghai wapo. Lakini ulemavu wa kudumu upimwe mara moja, na matokeo yakubaliwe katika ofisi zote. Kifungu cha 54 cha Katiba kinataka mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aweze kuyafikia majengo. Basi angalau chumba cha kuwapimia kihamishiwe chini.

Msomaji wenu,
Magharibi mwa Kenya