Barua ya wazi kwa Afisa Kilimo wa Wilaya ya Muheza: bakteria wetu wanafia dukani

Ndugu Afisa,

Salaam. Mwezi wa tatu nilinunua pakiti mbili za bakteria wa soya hapa mjini Muheza. Zilipangwa dirishani, pembeni ya mabomba ya kupulizia dawa, jua la saa tisa likizipiga. Nikauliza kama haziharibiki. Muuzaji akacheka: "Mzee, si mbolea tu hiyo?"

Mbolea gani inayokufa? Bakteria hao, waitwao raizobia, ni viumbe hai. Huingia kwenye mizizi, hujenga vinundu, na humo hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa, iko bure, ila soya peke yake haiwezi kuigusa. Kunde sina wasiwasi nazo, hupatana na bakteria wengi waliomo udongoni. Soya inachagua, na shamba ambalo halijawahi kupandwa soya mara nyingi halina bakteria wake.

Nilifuata maelekezo yote. Mbegu kwenye beseni chini ya mwembe, maji ya sukari kidogo ili unga wenye bakteria ushike, tukapanda na kufukia asubuhi ile ile. Soya ilipochanua nikang'oa mashina matano. Mizizi mitupu, kama ndevu za mahindi. Jirani yangu aliletewa pakiti zake ndani ya deli la barafu. Kwake, ukipasua kinundu kwa ukucha unakuta wekundu kama wa nyama. Ukiuona huo, ujue kazi inafanyika.

Ninachoomba si kikubwa. Baadhi ya maduka ya dawa za mifugo yana friji ya chanjo ya kideri. Pakiti hizi zikae humo. Mkaguzi wenu akipita kutafuta dawa zilizokwisha muda, aulize pia zimehifadhiwa wapi, maana tarehe peke yake haisemi kitu. Na kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), wanaoshughulika na udongo, kiko ndani ya wilaya hii hii. Wakichukua pakiti tatu nne madukani kabla ya kila msimu, tutajua tunauziwa bakteria au vumbi.

Sisemi haya kwa kuipinga mbolea ya urea ya ruzuku, mahindi yangu yanaitaka.

Pakiti ya pili sijaifungua. Tarehe yake ya mwisho ni Desemba. Nipangie siku niilete ofisini, nayo ipelekwe Mlingano ikapimwe.

Wako,
Mkulima wa soya, Muheza